"Aina ya Mti": Uhakiki wa Fasili za Mimea katika Kamusi za Kiswahili

Msomaji anayefungua kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili akitafuta maana ya jina la mmea hukutana mara nyingi na maneno matatu: aina ya mti. Pengine huongezewa kwamba mti huo ni mkubwa, au una miiba, au mbao zake ni ngumu. Kwa maelezo kama hayo mtu hawezi kuutambua mti porini, wala kuutenga na miti mingine yenye sifa zizo hizo. Neno limeorodheshwa, ngeli yake imetajwa, na wingi wake umeonyeshwa. Lakini maana, ambayo ndiyo shabaha ya kamusi, haikutolewa.

Makala haya yanakusudia kuchunguza upungufu huo, chanzo chake, na tiba ambayo kwa kawaida hupendekezwa, yaani kuongeza jina la kisayansi kando ya kila jina la mmea. Itaonyeshwa kwamba tiba hiyo ni ya lazima lakini haitoshi. Jina la Kilatini lafaa kuwa shahidi katika kamusi ya Kiswahili. Halifai kuwa hakimu. Sababu ni kwamba jina la Kiswahili lenyewe lina ujuzi ndani yake, na ujuzi huo ndio kwanza unaopotea pale mwanakamusi anapoandika "aina ya mti" na kupita.

Haifai kuibeza kazi iliyokwisha kufanywa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotayarishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa mwaka 1981, ilikuwa hatua kubwa katika historia ya lugha hii. Hata hivyo, kamusi za lugha moja zimeonyesha udhaifu mmoja katika mambo ya maumbile: ndege, samaki, wadudu na mimea hufasiliwa kwa kutaja kundi tu. Mwanakamusi hudhani kwamba msomaji wake, kwa kuwa ni Mswahili, anaujua mti wenyewe na anahitaji kukumbushwa tu. Dhana hiyo ingeweza kukubalika kama kamusi ingekuwa ya watu wa Amu, Mvita na Unguja peke yao. Lakini wasomaji walio wengi hivi leo wako Machakos, Kakamega, Dodoma na Lubumbashi. Kwao mkomafi au mbambakofi si neno la kukumbushwa. Ni neno la kufundishwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba kamusi zilizotungwa kwa ajili ya wageni ziliwatendea wasomaji wao wema zaidi. Charles Sacleux, padri Mfaransa aliyeishi Bagamoyo na Unguja, alikusanya mimea mingi ya Afrika Mashariki na kuipeleka Paris. Wataalamu wa mimea wakalipa kundi moja jina la Sacleuxia kwa heshima yake. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kutoka mwaka 1939, inataja mimea kwa majina ya kisayansi na kuonyesha lahaja ambamo neno hutumika. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson, ya mwaka huo huo wa 1939, inatoa pia majina ya kisayansi kwa mimea mingi. Kabla yake, P. J. Greenway wa kituo cha utafiti cha Amani alikuwa amekwisha kutoa, mwaka 1937, kamusi nzima ya majina ya mimea kwa Kiswahili, Kilatini na Kiingereza. Mgeni alipewa ufunguo wa kuingia msituni. Mwenyeji, kamusi yake ilipofika, aliambiwa kwamba kuna mti.

Hapana budi kukiri kwanza nguvu ya jina la kisayansi. Tangu Carl Linnaeus alipotoa kitabu chake cha spishi za mimea mwaka 1753, kila mmea hupewa jina la maneno mawili, la kwanza likitaja jenasi na la pili likibainisha spishi. Manufaa yake katika lugha iliyotawanyika kama Kiswahili ni dhahiri. Mti unaoitwa mbambakofi katika pwani ya Kenya hujulikana sehemu nyingi za Tanzania kwa jina la mkongo. Mtu asiyejua zaidi ya majina hayo mawili atadhani kuna miti miwili. Akiambiwa kwamba yote mawili ni Afzelia quanzensis, shaka humtoka. Kadhalika neno moja laweza kubeba vitu viwili: mkungu ni shuke la ndizi, na pia ni mti wa pwani, Terminalia catappa. Katika hali kama hizo Kilatini hufanya kazi ya mkalimani mwaminifu kati ya lahaja na lahaja.

Lakini yafaa kuuliza kama mkalimani huyo husema kweli siku zote, na kama maneno yake hayageuki. Mkwaju huitwa kisayansi Tamarindus indica. Neno la kwanza limetokana na Kiarabu, tamr hindi, yaani tende ya Kihindi, na neno la pili linarudia kwamba mti ni wa India. Hali asili ya mkwaju ni Afrika ya kitropiki, na jina la Kiswahili halikupata kudai vinginevyo. Kosa hili lisimpe Mswahili kiburi, maana lugha yake nayo imekosea kwa namna iyo hiyo: mahindi yanaitwa mahindi ilhali asili yake ni Mexico. Funzo ni kwamba jina, liwe la maabara au la sokoni, linasimulia njia ambayo kitu kilimfikia aliyekipa jina. Si lazima lieleze kitu kilikotoka.

Wala jina la kisayansi si la kudumu. Vitabu vya mimea vya katikati ya karne iliyopita, pamoja na kile cha Dale na Greenway kuhusu miti na vichaka vya Kenya cha mwaka 1961, viliuita mvule Chlorophora excelsa. Tangu mwaka 1982 mti huo umekuwa Milicia excelsa. Kiswahili hakikubadilika, wala Kiganda, kiuitacho muvule. Mfano wa mgunga ni mzito zaidi. Kwa muda mrefu migunga yote ilikuwa katika jenasi ya Acacia, na spishi iliyokuwa kielelezo cha jenasi hiyo ilikuwa mti wa Afrika, mgunga wa Mto Nile. Uchunguzi ulipoonyesha kwamba jenasi hiyo kubwa lazima igawanywe, mkutano wa kimataifa wa wanabotania wa Vienna, mwaka 2005, uliamua kwamba jina Acacia libaki na miti ya Australia, ambayo spishi zake ni nyingi zaidi. Mkutano wa Melbourne wa mwaka 2011 ulithibitisha uamuzi huo ingawa wataalamu kadhaa wa Afrika waliupinga. Migunga ya Afrika ikahamishiwa jenasi za Vachellia na Senegalia. Hapa panaonekana jambo ambalo wanaisimu hawafai kulisahau: istilahi za sayansi hutungwa katika mabaraza, na katika mabaraza kuna kura, na katika kura kuna wenye sauti na wasio na sauti.

Hata lugha ya maelezo imebadilika. Kwa sheria za botania zilizoanza kutumika mwaka 1935, spishi mpya haikutambuliwa mpaka ielezwe kwa Kilatini. Kuanzia tarehe 1 Januari 2012 maelezo hayo yanaweza kutolewa kwa Kilatini au kwa Kiingereza. Lugha isiyokuwa ya taifa lolote imeongezewa mwenzi aliye na mataifa yake. Anayesema kwamba jina la kisayansi halina upande hana budi kuufikiria uamuzi huo.

Basi yafaa kutazama upande wa pili, yaani ujuzi ulio katika jina la Kiswahili. Mfano wa kwanza ni mikoko. Katika vitabu vya shule, magazeti na hotuba, neno hili sasa hutumika kwa miti yote iotayo katika maji ya chumvi ukingoni mwa bahari. Lakini kwa wakata boriti wa Lamu na wavuvi wa pwani, mkoko ni mti mmoja tu, Rhizophora mucronata, ule wenye mizizi inayoshuka kutoka shinani kama miguu ya buibui. Kando yake wako wenzake, na kila mmoja ana jina: mkandaa (Ceriops tagal), muia (Bruguiera gymnorrhiza), mchu (Avicennia marina), mlilana (Sonneratia alba), mkomafi (Xylocarpus granatum), kikandaa (Lumnitzera racemosa) na msikundazi (Heritiera littoralis). Katika orodha hii kila jina la Kiswahili linakaa mkabala na spishi moja ya botania. Watu wasiokuwa na hadubini walitenga walichokitenga wanabotania, kwa kuwa kazi yao iliwalazimisha kujua ni mti gani utakaostahimili mchwa na upi utakaooza.

Zaidi ya hayo, wanabotania hawakubali kwamba miti hii ni ya ukoo mmoja. Mkomafi ni wa familia ya Meliaceae, ambayo ndiyo familia ya mwarobaini, na mchu ni wa familia nyingine mbali kabisa. Kwa hiyo kuiita yote mikoko hakukutoka katika sayansi, wala hakukutoka kwa wenyeji. Kumetokana na kutafuta neno moja la Kiswahili la kulinganisha na neno moja la Kiingereza. Kiswahili kilikuwa na maneno manane. Kikatakiwa kitoe moja. Kikatoa la mti ulio maarufu zaidi. Neno la jumla linahitajika, na hakuna ubaya lugha kulipata. Ubaya ni pale kamusi inapoandika maana mpya ya jumla bila kuonyesha kwamba maana mahsusi bado i hai, huku mkandaa na muia vikiachwa viwe "aina ya mkoko". Hapo usanifishaji huwa umeiondolea lugha utajiri wake kwa jina la kuuendeleza.

Mfano wa pili ni mwarobaini. Mti huu, Azadirachta indica, asili yake ni bara Hindi na Burma, na umepewa jina lake kwa sababu unaaminiwa kutibu maradhi arubaini. Baadhi ya watu wa pwani ya Kenya huuita pia mkilifi. Uko mti mwingine unaofanana nao, Melia azedarach, uitwao mmelia. Linnaeus aliiweka miti yote miwili katika jenasi moja ya Melia, na mwarobaini haukupata jenasi yake ya sasa mpaka mwaka 1830. Majina yao ya Kilatini yanaonyesha bado undugu huo, kwani azedarach na Azadirachta yote yametokana na maneno ya Kiajemi yenye maana ya mti huru au mti mtukufu.

Wasemaji wa Kiswahili walifikia uainishaji unaokaribiana na huo kwa njia yao. Mti wa kwanza wanauita mwarobaini kamili na wa pili mwarobaini nusu. Haya ni majina ya maneno mawili: neno la kwanza linataja kundi, la pili linabainisha mmoja wa kundi. Muundo ni ule ule wa Linnaeus. Tofauti iko katika kigezo. Linnaeus alitazama ua na tunda. Mswahili alitazama pia nguvu ya dawa, akautambua mti wa pili kuwa unafanana na wa kwanza kwa sura lakini haukutimiza kazi yake. Kivumishi nusu, ambacho mtu asiyejua angekidhania mzaha, ni onyo la tabibu. Tena ni onyo la haki, kwa kuwa matunda ya Melia azedarach yana sumu. Kamusi inayoliacha neno hilo nje kwa kuliona la mitaani, au inayofasili yote mawili kuwa "aina ya mti unaotumika kwa dawa", imemweka msomaji hatarini.

Mfano wa tatu unaonyesha hatari inayotokana na kupitisha maana katika lugha ya tatu. Mboga iitwayo mnavu kwa Kiswahili huitwa managu kwa Kikuyu, osuga kwa Kiluo, na lisutsa katika baadhi ya lahaja za Kiluhya. Huliwa kote Kenya. Kwa miaka mingi vitabu viliitambulisha kwa jina la Solanum nigrum, ambalo kwa hakika ni la mmea wa Ulaya na Asia. Jina la Kiingereza la mmea huo lina maana ya kivuli cha usiku, na katika mawazo ya Waingereza limefungamana na sumu. Mwanafunzi aliyetafuta mnavu katika kamusi ya lugha mbili, kisha akalifuata neno la Kiingereza katika kitabu cha kigeni, alisoma kwamba mboga ya mama yake ni sumu. Uchunguzi umebainisha kwamba minavu inayolimwa na kuliwa hapa nchini ni hasa Solanum scabrum na Solanum villosum. Ni kweli kwamba matunda mabichi ya mimea ya kundi hili yaweza kudhuru, na fasili nzuri ingalitaja hilo. Lakini mwenye kuuchuma mnavu alikwisha kujua sehemu ya kuliwa na namna ya kuipika. Kilichokosea ni jina la Kilatini lililowekwa bila uangalifu, likasaidiwa na tafsiri.

Isidhaniwe kutokana na hayo kwamba Kiswahili hakina la kujifunza. Katika matumizi ya kawaida neno mgunga hufunika miti mingi ambayo lugha jirani huitenga. Kimaasai kina olerai kwa Vachellia xanthophloea, oltepesi kwa Vachellia tortilis, na olkiloriti kwa Vachellia nilotica, ambayo magome yake hutiwa katika supu. Mfugaji ambaye maisha ya mifugo yake yanategemea majani na matumba ya miti hiyo hangeweza kuridhika na neno moja. Kiswahili, kikiwa lugha ya taifa, chaweza kukopa kutoka huko kama kilivyokopa kutoka Kiarabu na Kireno. Lakini hakitajua la kukopa mpaka kamusi zake zikiri kwamba hapo pana pengo, na fasili isemayo mgunga ni aina ya mti wenye miiba hulificha pengo hilo.

Huenda ikadaiwa kwamba kamusi ya matumizi ya kila siku si kitabu cha botania, na kwamba maelezo marefu yatakifanya kitabu kiwe kizito na ghali. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini haiitetei fasili iliyopo. Fasili ya mmea haihitaji urefu; inahitaji uteuzi. Yatosha itaje mambo manne: umbo ambalo msemaji hulitumia kuutambua mmea, matumizi au hatari yake, mahali au lahaja ambamo jina hutumika, pamoja na majina mengine ya mmea huo, na mwisho jina la kisayansi, likifuatwa na lile la zamani pale lilipobadilishwa. Kwa mfano, mwarobaini ungeweza kufasiliwa hivi: mti wenye vijani vilivyopangwa pande mbili za kikonyo kimoja, maua meupe na tunda dogo la manjano, ambao majani na magome yake machungu hutumiwa kwa dawa; pia mkilifi (Kenya, pwani); tofautisha na mwarobaini nusu, wenye jani lililogawanyika mara mbili, maua ya rangi ya zambarau na matunda yenye sumu; Azadirachta indica. Hayo ni maneno machache kuliko yanayotumiwa na kamusi nyingi kueleza kitenzi cha kawaida.

Vifaa vya kazi hiyo vipo. John Kokwaro alionyesha njia mwaka 1972 alipotoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiluo pamoja na matumizi yake. Bernd Heine na Karsten Legère walichapisha mwaka 1995 uchunguzi wa mimea ya Waswahili uliokusanya majina na matumizi. Henk Beentje alitoa mwaka 1994 kitabu cha miti na vichaka vya Kenya ambamo majina ya lugha mbalimbali za nchi yametajwa. Kinachokosekana ni daraja kati ya idara za lugha na idara za botania, ambazo katika vyuo vikuu vingi zimejengwa ng'ambo hii na ile ya uwanja mmoja na hazitembeleani. Mwanaisimu hukusanya jina bila kuuona mmea. Mwanabotania huubana mmea katika karatasi na kuliandika jina la mwenyeji ukingoni, bila kuuliza neno hilo lina maana gani, wala mpaka wake na maneno mengine uko wapi. Kila mmoja hurudi na nusu ya ukweli.

Na kazi haiwezi kungoja sana. Nyumba ya mabati haiulizi boriti, na kijana wa Lamu asiyekwenda kukata boriti hana haja ya kutenga muia na mkandaa. Maneno haya hayatafutwa na kamati yoyote. Yatakoma tu kusemwa, moja baada ya jingine, hadi siku ambayo "aina ya mti" itakuwa si uvivu wa mwanakamusi tena, bali maelezo sahihi ya yote ambayo wasemaji wenyewe watakuwa wanayajua.